Nipe ya Mafua!

Katika kijiji chetu liko neno moja ambalo mtu akilitamka dukani haulizwi swali lo lote. Akitaka mafuta ataulizwa ya taa au ya kula. Akitaka daftari ataulizwa la mistari au la hesabu. Hata akitaka msumari ataulizwa wa inchi ngapi. Lakini akisema, "Nipe ya mafua," basi, mkasi wakata pakiti, vidonge vyatiwa katika karatasi, fedha yapokewa, mambo yamekwisha. Haulizwi ni vya nani, wala mgonjwa ana miaka mingapi, wala ana maradhi gani mengine. Neno hilo ndilo nitakalo kupigana nalo leo.

Mwezi uliopita tulikuwa barazani pa shule wakati wa chai, wengi wetu tukipenga kamasi kwa sababu ya baridi. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu kwa umri wake na kwa elimu yake, akasema: "Mafua hayana daktari. Kila mtu ni daktari wa mafua yake." Watu wakacheka, wakakubali. Akaendelea kusema kwamba dawa za mafua zimekuwapo tangu utoto wake, kwamba zingalikuwa na madhara tungalikwisha kuyaona, na kwamba wanaozitilia shaka ni watu waliosoma wakakosa kazi ya kufanya. Mimi nilinyamaza siku ile, maana aliyesema ni mkubwa wangu, tena si vizuri walimu kubishana wanafunzi wakisikia. Lakini kunyamaza kwangu kulinikera hata usiku, kwa kuwa nalijua jambo ambalo yeye hakulijua, nami nililijua kwa gharama. Basi namjibu hapa mbele ya wote, kwa heshima, ila bila kupunguza neno.

Kwanza tuyatazame mafua yenyewe. Mafua huletwa na virusi, navyo ni vya aina nyingi mno, zaidi ya 200. Huingia kwa pua na koo, mwili ukapigana navyo, na kwa kawaida baada ya siku 7 hata 10 vita vimekwisha, ijapokuwa kikohozi chaweza kukaa majuma mawili au matatu nyuma yake. Vidonge tuuziwavyo dukani kwa jina la mafua haviui hata kimoja cha virusi hivyo. Wala zile dawa za kuua bakteria, ambazo wengine wetu huziomba kwa rangi zake, "nipe zile nyekundu na nyeusi," hazina kazi hapa. Vidonge vya mafua vyatuliza dalili tu. Hilo si neno baya, maana mtu aliyeziba pua usiku kucha ana haki ya kutaka kupumua. Ubaya waanza pale tusipojua twatulizwa kwa kitu gani.

Maana kidonge hicho kimoja si dawa moja. Mara nyingi ndani yake mna dawa tatu, nne, hata tano, zilizosagwa na kushikamanishwa pamoja. Mna parasetamoli ya kushusha homa na kuondoa maumivu, ile ile tuijuayo sote. Pengine mna kafeini, iliyo ndani ya kahawa na chai. Na zaidi ya hizo mna mbili ambazo ndizo nitakazo kuzisema kwa urefu: ya kukausha kamasi, na ya kuzibua pua.

Ile ya kukausha ni ya jamii ya antihistamini. Mwili wetu una kitu kiitwacho histamini, ambacho humfanya mtu apige chafya na kuwashwa anapovuta vumbi au anapoumwa na mdudu. Dawa hizi zaizuia histamini isifanye kazi yake. Aliyezitengeneza kwanza, Daniel Bovet, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1957, na alistahili, kwa kuwa watu wenye kuwashwa na kutokwa na mabaka ya mzio wamepata faraja kubwa kwa kazi hiyo. Lakini katika mafua, zile za zamani, kama klorofeniramini (jina lake pakitini laanza na herufi Chlor), hufanya kazi zaidi kwa kukausha. Zakausha pua, walakini hazijui kuchagua. Zakausha na kinywa, zafunga choo, zatia ukungu machoni, zadhoofisha msuli wa kibofu. Tena zaingia katika ubongo na kuleta usingizi. Kwa mzee zaweza kuleta zaidi ya usingizi: aamka usiku asijue yuko wapi, aita watu waliokwisha kufa, na watu wa nyumbani wakasema mzee ameingiliwa.

Ile ya kuzibua pua hufanya kazi kwa njia nyingine. Pua huziba kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake imevimba. Dawa kama sudoefedrini yaikaza mishipa hiyo, na njia ya hewa yafunguka. Lakini kidonge hukimeza kwa kinywa, hukitii puani; chapita tumboni, chaingia katika damu, chaenda mwili mzima. Mishipa ya pua yakazwa, na mingine pia. Moyo waenda mbio, shinikizo la damu lapanda, na usingizi wapotea. Ndipo watu husema, "Lakini ile nyingine yalaza, hii yaamsha, basi zimesawazishana." Hapana. Mtu aliyetiwa usingizi na kukimbizwa moyo kwa wakati mmoja hakusawazishwa. Amepata matatizo mawili.

Sasa nitasema nililoliona mwenyewe.

Mwaka juzi, majuma mawili kabla ya Pasaka, baba mkwe wangu alikuja kukaa nasi. Ni mzee wa miaka 71, mtu wa kazi, mwenye maneno machache. Kila asubuhi humeza kidonge chake cha shinikizo la damu kabla ya uji, na usiku hutoka nje mara tatu au nne, kama wafanyavyo wanaume wengi wa umri wake. Sisi hatukuona neno katika hilo. Tulimwekea taa mlangoni tu. Siku ya tatu akashikwa na mafua. Nikataka kuonyesha kuwa mkwe mwema. Nikaenda dukani, nikasema neno lile lile ninalolilaumu hapa. Nikapewa vidonge 12 katika vipande vya pakiti, nikaambiwa viwili mara tatu. Nikampa kwa mikono miwili. Akashukuru.

Siku ya kwanza alilala sana, nasi tukafurahi, tukasema dawa imeshika. Siku ya pili alikataa chakula. Jioni nikamwona ameketi amejikunja, nikamwuliza, "Baba, mwaumwa?" Akajibu, "La, mwanangu, ni mafua tu." Wasomaji mwajua: mzee hawezi kumwambia mkwewe habari za haja ndogo. Afadhali afe. Wala hakumwambia binti yake. Usiku wa manane mtoto wangu wa miaka 9, ambaye alilala chumba kimoja na babu yake, akaja kutuamsha akasema, "Babu anakwenda nje kila mara lakini hakuna kinachotoka, na analia." Nilipomfikia, tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa gumu, limeinuka kama kibuyu. Tangu asubuhi hakutokwa na tone.

Tulimpeleka kwa gari la kubebea mahindi, saa mbili za njia mbaya, na kila shimo alitoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Hospitalini wakamtia mpira, na mkojo uliotoka ulizidi lita moja. Tabibu akaniuliza mzee amemeza nini. Nikampa kile kipande cha pakiti kilichosalia mfukoni mwangu. Kwa bahati kilikuwa na majina. Akasoma, akaniambia taratibu, "Mwalimu, dawa moja humu imemlegezea msuli wa kibofu, hauna nguvu ya kusukuma. Nyingine imekaza shingo ya kibofu, mlango haufunguki. Kwa kijana isingalikuwa kitu. Huyu tezi yake imekua, njia ilikuwa nyembamba tangu zamani." Kisha akapima shinikizo la damu, akatikisa kichwa. Mpira ulikaa siku 5. Mzee alipona, akarudi kwake, na hata leo hajanilaumu. Lakini ni mimi niliyenunua, ni mimi niliyempa, na mimi ni mtu nijuaye kusoma.

Hayo ndiyo nisiyoyasema barazani. Mwenzangu asema kila mtu ni daktari wa mafua yake. Na iwe hivyo. Je, daktari gani atoaye dawa asiyoijua jina, kwa mgonjwa asiyemwuliza neno? Wapo watu ambao hawafai kumeza vidonge hivi bila kusema kwanza na tabibu au mfamasia: mwenye shinikizo la damu lililopanda, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari, mwenye maradhi ya figo, mwenye presha ya macho, mwanamume mzee aamkaye mara nyingi usiku, mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye, na mtu ye yote anayemeza dawa za kila siku za maradhi ya akili, ya kifafa au ya huzuni. Hesabuni nyumba zenu. Ni nyumba ngapi zisizo na mmoja wa hao?

Asema tena kwamba dawa hizi ni za tangu zamani, zingalikuwa na madhara tungalikwisha kuyaona. Neno hili lapendeza masikioni, lakini habari za dawa hizi hizi zalipinga. Palikuwa na dawa moja ya kuzibua pua, fenilipropanolamini, iliyouzwa miaka mingi duniani na kumezwa na watu wasiohesabika. Wataalamu wakachunguza wanawake waliopata kiharusi cha kuvuja damu katika ubongo, wakaona kwamba dawa hiyo yaongeza hatari. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 serikali ya Marekani ikawataka watengenezaji waiondoe. Yaani watu walikuwa wakiimeza muda wote huo, kila mmoja daktari wa mafua yake, na waliopata kiharusi walidhaniwa wamepatwa na siku yao.

Ikaondoka hiyo, na katika vidonge vingi ikashika nafasi fenilefrini. Hii nayo ina habari yake, na kwa kweli yachekesha kidogo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 wataalamu 16 walioitwa na mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura, na wote 16 wakasema kwamba fenilefrini ikimezwa kwa kinywa, kwa kipimo kilicho katika vidonge, haizibui pua. Tumbo na ini huivunja karibu yote kabla haijafika. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 mamlaka hiyo ikatoa pendekezo la kuiondoa katika orodha ya dawa za kumeza za kuzibua pua. Basi huenda wewe ndugu yangu umeuza kuku ukanunua kitu kisichozibua cho chote. Ile ya kutia puani kwa matone au kwa kupuliza ni jambo jingine, hiyo hufanya kazi. Lakini hiyo nayo ikitumiwa zaidi ya siku chache, pua huzoea, ikaziba zaidi kuliko kwanza.

Na sudoefedrini, ambayo kweli yazibua, mwanzoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza kwamba asipewe mtu mwenye shinikizo la damu kali au lisilotulizwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo, kwa sababu ya hatari, nayo ni ya nadra, ya kudhuru mishipa ya ubongo. Mambo haya hayakujulikana tangu zamani. Yalijulikana kwa sababu watu waliuliza.

Mwenzangu atasema, "Lakini mimi nilimeza nikapona." Najua. Nami nimemeza nikapona, na mke wangu hakumeza akapona siku ile ile. Mafua hupona. Kama mtu angaliuza kamba ya kufunga kidoleni, akawaambia watu waifunge siku 7, angalipata mashahidi wengi wa kijijini wa kusema kamba yaponya. Walakini nisiwe mdhalimu. Tafiti nyingi zilizokusanywa na kupimwa pamoja zaonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya, akimeza mchanganyiko wa dawa hizi, hupata nafuu kidogo ya dalili. Nafuu hiyo si ndoto. Mtu mzima asiye na maradhi niliyoyataja, akimeza kwa kipimo, usiku, akalala kitandani mwake, simlaumu. Namlaumu amezaye kisha apande pikipiki.

Maana hilo nalo tumelizoea. Kijana wa bodaboda ana mafua, ameza viwili asubuhi, abeba mama na mtoto mgongoni. Dereva wa lori ameza, kisha asafiri usiku. Mwingine ameza na jioni anywa pombe, naye asema pombe ya kijijini ni nyepesi. Usingizi wa dawa na usingizi wa pombe hujumlishwa, havipunguziani. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la saba alilala juu ya karatasi ya hesabu siku ya mtihani wa majaribio, akaandika majibu manne tu. Nilitaka kumkaripia. Kumbe mama yake, kwa upendo, alimpa vidonge viwili vya mafua asubuhi ili aweze kufanya mtihani vizuri.

Kwa kuwa nimetaja hesabu, na tufanye moja. Parasetamoli ni dawa njema ikikaa ndani ya mpaka wake, na mpaka wa mtu mzima ni miligramu 4,000 kwa siku moja. Kwa aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini ni chini ya hapo. Vidonge vingi vya mafua vina miligramu 500 za parasetamoli kila kimoja. Mtu ameza viwili mara tatu: ni 3,000. Kichwa bado chauma, kwa hiyo ameza vile vidonge vyeupe vya maumivu, viwili mara tatu: ni 3,000 tena. Jumla ni 6,000, naye adhani amekunywa dawa mbili tofauti. Akiendelea hivyo siku kadhaa, ini laharibika, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza haumi mahali po pote. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuifanya hesabu hii, lakini hawezi kama pakiti imekatwa jina likabaki dukani.

Sasa nafika mahali ambapo hasira yangu ni kubwa kuliko heshima yangu, mnisamehe. Nasema juu ya watoto wadogo na dawa ya maji ya mafua.

Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto walio chini ya miaka 2 dawa hizi za mafua na kikohozi, na mwaka huo huo watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye chupa kwamba asipewe mtoto aliye chini ya miaka 4. Uingereza mwaka 2009 ikaweka mpaka wa miaka 6. Mbona walifanya hivyo? Kwa sababu walitafuta ushahidi kwamba zawafaa watoto wadogo, wasiupate. Nao ushahidi wa madhara waliupata: moyo kwenda mbio, degedege, kupumua kwa shida, na vifo. Antihistamini moja iitwayo promethazini imekatazwa kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa yaweza kumnyamazisha pumzi.

Na sisi twafanya nini? Twampa mtoto wa miezi 8 kizibo kimoja cha chupa. Kizibo si kijiko, tena si kipimo. Kila chupa ina kizibo chake. Na wengine, nasema nililoliona katika mkesha, humpa mtoto dawa hiyo hana hata mafua, ili alale mama apate kuimba au kupika au kupumzika. Najua mama amechoka. Najua kazi yake ni kubwa kuliko yangu ya chaki. Lakini mtoto hakulala, amelevywa. Na akiwa na ugonjwa unaoanza kifuani, ule ulevi wamficha: halii, hakatai titi kwa nguvu, hahangaiki, na nyumba nzima yasema, "Ashukuriwe Mungu, leo ametulia."

Tena mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kuharibika, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua, moja yao ni ya promethazini, ambazo zilikutwa na sumu ya diethilini glikoli na ethilini glikoli. Sumu hiyo haikuwa sehemu ya dawa; iliingia kwa ovyo wa utengenezaji. Mwaka 2023 onyo kama hilo likatolewa juu ya dawa ya maji ya mafua iliyopatikana Kamerun. Basi watoto wale walipoteza maisha yao kwa ajili ya dawa ambayo hata ingalikuwa safi, ilikuwa haina haja kubwa kwao. Hapo ndipo nisipoweza kucheka pamoja na wenzangu barazani.

Yuko atakayeniambia, "Mwalimu, hospitali iko mbali, zahanati haina dawa, nawe watunyang'anya hata kichupa. Tukae tukitazama?" Swali hili ni la haki kuliko yote, nami sitalikimbia. Pua ya mtoto mchanga isafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo: matone machache, kisha kamasi ipanguswe kwa kitambaa laini. Anyonye mara nyingi zaidi, hata kama ni kwa muda mfupi. Mkubwa kidogo anywe uji mwepesi, maji, na chai isiyo kali. Aliyepita mwaka mmoja apewe asali kijiko kidogo, hutuliza kikohozi. Aliye chini ya mwaka asipewe asali hata kidogo, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Homa ikimtesa, parasetamoli peke yake kwa kipimo cha uzito wake, iliyoandikwa na mhudumu wa afya.

Kisha hesabuni pumzi. Hili laweza kufanywa na ye yote mwenye saa au simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo, tazama tumbo na kifua vikipanda, uhesabu dakika moja nzima. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi. Wa miezi 2 hata 12 akifika 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hata mitano akifika 40 au zaidi, hayo si mafua tena, chukua kanga, anza safari. Kadhalika kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, au akipata degedege, au akiwa mzito wa kuamka. Dalili hii ya mwisho, ndugu zangu, ndiyo hasa ile dawa ya usingizi huifanana. Mama aliyempa kichupa hawezi tena kujua kama mwanawe amelala kwa dawa au kwa ugonjwa.

Nilimwendea mwuza dawa wetu, maana sikutaka kuandika bila kumsikia. Ana cheti chake ukutani. Duka lake ni katika yale maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini wawepo wauzaji waliofundishwa, nami nausifu mpango ule. Nikamwuliza mbona hakuniuliza neno siku ile ya baba mkwe. Akanijibu bila kuona haya: "Mwalimu, watu huja na shilingi 200 na haraka. Nikiwauliza wana presha au hawana, husema nawachunguza, huenda duka la jirani. Nawe mwenyewe siku ile uliniambia nifanye upesi, una kipindi." Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli, nilisema hivyo.

Basi nusu ya kosa ni yetu wanunuzi. Lakini nusu haitoshi kumsafisha mwuzaji. Aweza kukata pakiti asiliondoe jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Na asipoweza, aandike kwa kalamu juu ya karatasi. Aweza kukataa kumwuzia mama dawa ya maji kwa mtoto wa miezi. Atapoteza shilingi; naam, atapoteza. Nasi tuanze kusema sentensi nyingine mahali pa ile moja: "Nina mzee wa miaka 71, anatumia dawa ya presha, amepata mafua, pua imeziba. Kuna nini ndani ya hizi?" Yachukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya maji.

Tulikubaliana, mimi naye, kwamba ataandika majina. Tangu hapo nimepita dukani kwake mara tatu. Karatasi zake sasa zina maandishi, mabaya lakini yasomeka, na kwa mzee mmoja aliyetangulia mbele yangu nilimsikia akiuliza habari za presha. Vichupa vya watoto bado vipo rafuni, saba kwa hesabu yangu ya juzi, karibu na peremende. Nimemwambia nitarudi Jumamosi tuzungumze juu ya hivyo. Mwenzangu wa barazani nimemwalika tufuatane.